Malaria Inayolala Kwenye Ini: Funzo Tulilopata kwa Kima na Nyani

Kama uko jikoni, endelea na kazi huku ukisikiliza. Kama umerudi sasa hivi kutoka kuchuma chai na miguu imechoka, keti kidogo. Leo tutazungumza historia, lakini ni historia inayoingia mpaka chumba anacholala mtoto wako.

Kuna swali ambalo akina mama huuliza mara kwa mara kwenye kliniki. "Mtoto wangu alipimwa akapatikana na malaria. Nilimpa dawa akapona, akacheza, akala vizuri. Sasa imepita miezi miwili na homa imerudi. Je, dawa ilikuwa mbaya?"

Mama, homa ya namna hiyo ina milango mitatu. Mlango wa kwanza ni dawa isiyomalizwa: vimelea vichache vilibaki katika damu, vikaongezeka tena. Mlango wa pili ni mbu mwingine: mtoto alipona kabisa, kisha akaumwa upya. Milango hii miwili ndiyo ya kawaida hapa Kenya. Mlango wa tatu watu wengi hawaujui. Ni ule wa vimelea vinavyolala ndani ya ini, kimya kabisa, halafu vinaamka bila mbu mpya kumgusa mtoto. Ilichukua wanasayansi zaidi ya miaka 80 kuupata mlango huo, na walionyeshwa njia na wanyama tunaowafukuza kila siku kwenye mahindi yetu, yaani kima na jamaa zake. Sehemu ya safari hiyo ilianzia hapa kwetu Kenya.

HOMA YA MILIMANI

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba malaria ni ugonjwa wa nchi za chini, kama Kisumu na Ahero, au ukishuka Sondu kuelekea ziwani. Huku kwetu baridi ilikuwa ngao. Kimelea cha malaria hukua kwanza ndani ya mbu, na kinahitaji joto. Joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 hivi, kile cha hatari zaidi hakikui tena.

Lakini ngao hiyo ina matundu. Miaka ya 1920 mashamba makubwa ya chai yalipopandwa Kericho, watu wengi walikuja kutafuta kazi, na baadhi yao walitoka sehemu zenye malaria nyingi. Mtu akija na vimelea katika damu, mbu wa hapa wanavichukua na kuvipeleka kwa jirani. Kukawa na milipuko. Miaka ya 1940 malaria ilifika hata Londiani, mahali palipo juu ya mita 2,000, na mwaka 1945 daktari mmoja aliandika kuhusu milipuko hiyo katika jarida la madaktari wa Uingereza, kwa maana wengi hawakuamini kwamba malaria inaweza kupanda mlima kiasi hicho.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wafanyakazi wa mashamba ya chai walipewa vidonge vya kinga vya proguanil, vilivyojulikana kama Paludrine, na nyumba zikapulizwa dawa ya DDT. Malaria ikapungua kwa miaka mingi. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 ikarudi kwa nguvu, na sababu moja kubwa ni kwamba klorokwini ilikuwa imeshindwa na vimelea. Rekodi za hospitali za mashamba ya chai huko Kericho ndizo zilizowasaidia watafiti kuiandika historia hiyo.

Kumbuka jambo moja hapa. Mtu aliyekulia karibu na ziwa ameumwa na mbu wa malaria mara nyingi, kwa hiyo mwili wake umejifunza kupigana kidogo. Sisi wa milimani hatuna kinga hiyo. Ndiyo maana malaria ikija huku, hasa baada ya mvua ndefu, kuanzia Mei hadi Julai, inamwangusha mtoto na mama yake na hata baba yake katika nyumba moja.

Daktari yule wa Londiani aliitwa Garnham. Shika jina hilo, tutalirudia.

SI MALARIA MOJA

Tunaposema "malaria" tunataja ukoo mzima wa vimelea. Aliye wengi Kenya na hatari kuliko wote ni falciparum. Huyu ndiye anayeleta degedege, upungufu mkubwa wa damu na vifo vya watoto. Lakini falciparum hana tabia ya kulala kwenye ini. Ukimaliza dawa sawasawa na dawa ikafanya kazi, amekwisha.

Wenye tabia ya kurudi ni wawili. Wa kwanza anaitwa vivax, na yuko kwa wingi Asia, Amerika Kusini na nchi za Pembe ya Afrika kama Ethiopia. Wa pili anaitwa ovale, na huyu ni wa kwetu. Mwaka 1922 Profesa Stephens wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto huko Liverpool, Uingereza, ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza, na damu aliyochunguza ilikuwa ya mgonjwa aliyetoka Afrika Mashariki. Alimwita ovale kwa kuwa chembe ya damu yenye kimelea hicho huonekana kama yai. Ovale mara nyingi haui, lakini humrudia mtu baada ya wiki au miezi, akamchosha na kumpunguzia damu.

Kwa nini vivax ni haba kwetu? Jibu lilitoka kwa kimelea cha kima. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dakta Louis Miller walikuwa wakichunguza malaria ya kima wa Asia iitwayo knowlesi. Waliona kwamba inaingia kwenye chembe za damu za watu wengine, lakini za watu wengi wenye asili ya Afrika haziingii, kwa sababu hazina alama fulani inayoitwa Duffy. Ilikuwa kama mlango usio na kitasa. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba mambo ni yale yale kwa vivax. Hata hivyo usijisahau. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti kutoka magharibi mwa Kenya ulioonyesha dalili kwamba vivax huenda anapita hata kwa watu wasio na alama hiyo.

KITENDAWILI CHA SIKU ZA UKIMYA

Mwaka 1880 daktari Mfaransa aitwaye Laveran, akiwa Algeria, aliona kimelea cha malaria ndani ya damu ya binadamu. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alikiona ndani ya mbu. Mwaka uliofuata, Grassi na wenzake huko Italia wakaonyesha kwamba mbu aina ya anofelesi ndiye anayemwambukiza binadamu. Ungedhani hadithi imekwisha: mbu anauma, kimelea kinaingia kwenye damu, homa inakuja.

Lakini haikutosha. Mbu akikuuma leo, hupati homa kesho. Inapita wiki moja, wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Siku hizo zote kimelea kiko wapi? Mwaka 1903 mwanasayansi Mjerumani mwenye jina kubwa, Schaudinn, alisema amekiona kikiingia moja kwa moja kwenye chembe nyekundu za damu. Hakuna mwingine aliyeweza kuliona jambo hilo, lakini kwa sababu lilisemwa na mkubwa, vitabu vililirudia kwa miaka 40 na zaidi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wengi waliugua malaria katika visiwa vya Pasifiki. Daktari Hamilton Fairley na wenzake walifanya majaribio Australia kwa askari waliojitolea. Baada ya mbu kumuuma mtu, walichukua damu yake na kumtia mwingine. Damu iliyotolewa katika nusu saa ya kwanza iliambukiza. Iliyotolewa baada ya hapo haikuambukiza kabisa, mpaka siku kadhaa zilipopita. Ikawa wazi kwamba vimelea vinatoka kwenye damu, vinajificha mahali, kisha vinarudi. Swali likabaki: mahali gani?

DAKTARI WA KENYA NA MADOA KWENYE INI

Cyril Garnham alizaliwa London mwaka 1901 na akaja Kenya mwaka 1925 kama daktari wa serikali ya kikoloni. Alikaa hapa mpaka 1947, na alifanya kazi Kisumu na sehemu nyingi za magharibi akifuatilia malaria na magonjwa mengine yanayoletwa na wadudu. Kule vijijini alijifunza jambo moja: ukitaka kuelewa ugonjwa wa mtu, angalia pia mnyama anayeishi karibu naye.

Kima na tumbili wa kwetu wana kimelea chao, wakati ule kikiitwa Plasmodium kochi. Kinafanana na malaria katika damu, lakini mnyama haugui sana. Garnham alipochunguza maini ya kima hao hapa Kenya, aliona madoa meupe yanayoonekana hata kwa macho bila hadubini. Yalikuwa mafuko yaliyojaa vimelea. Alitangaza habari hiyo mwaka 1947. Baadaye kimelea hicho kilipewa jina jingine, Hepatocystis, kwa sababu si malaria ya kweli, tena hakiletwi na mbu bali na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma. Lakini kidole kilikuwa kimeshaelekezwa: tazameni ini.

Na hapa, mama, ondoa hofu moja. Kimelea hicho cha kima na tumbili wa Kenya hakimwingii mtoto wako. Tumbili anayeiba mahindi hakuletei malaria. Kule Malaysia na nchi jirani zake, ndiyo, malaria ya knowlesi hutoka kwa kima wa huko ikamwingia binadamu kupitia mbu. Hapa kwetu, mtu hupata malaria ya mtu mwenzake, ikibebwa na mbu.

Garnham aliporudi London alijiunga na Kanali Henry Shortt, daktari aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi India. Walihitaji mnyama mwenye malaria inayofanana na ile ya binadamu inayorudi. Wakamchagua kima wa Asia aitwaye rhesus, ambaye ana malaria yake iitwayo cynomolgi. Tabia ya cynomolgi ni ya vivax kabisa: inakuja, inapona, inarudi.

Watu waliotafuta kabla yao hawakuona kitu kwa sababu walitumia mbu wachache. Kutafuta vimelea kumi ndani ya ini zima ni kama kutafuta sindano katika gunia la majani chai. Shortt na Garnham walitumia mbu 500 wenye maambukizi kwa kima mmoja. Siku ya saba kima huyo aliuawa, na vipande vya viungo vyake vikatazamwa kwa hadubini. Ndani ya ini wakakikuta kimelea, kimekua, kimejigawa mara nyingi sana, tayari kupasuka na kumwaga watoto wake kwenye damu. Ilitangazwa mwanzoni mwa mwaka 1948. Mwaka huo huo mtu mmoja wa kujitolea alikubali kuumwa na mbu zaidi ya 1,000 wenye vivax, kisha akatolewa kipande kidogo cha ini. Mambo yalikuwa yale yale. Mwaka 1954 Garnham na wenzake walionyesha hivyo hivyo kwa ovale, ile ya kwetu.

Kitendawili cha siku za ukimya kikateguliwa. Mbu akimuuma mtoto wako, vimelea havianzi kwenye damu. Vinakimbilia ini kwanza.

WALE WALIOLALA

Bado lilibaki swali la mama yule: kwa nini inarudi baada ya miezi? Mwanzoni Shortt na Garnham walidhani vimelea vinaendelea kuzaana polepole ndani ya ini, kizazi baada ya kizazi, na mara kwa mara vingine vinatoka. Wengine walisema hapana, labda vingine vinalala tu tangu siku ya kwanza. Mjadala huo ulidumu miaka 30.

Aliyeutatua ni daktari wa Marekani aitwaye Krotoski, akishirikiana na Garnham, ambaye sasa alikuwa mzee karibu wa miaka 80, na wenzao wengine. Walirudi kwa kima wa rhesus na malaria ya cynomolgi. Waliwaambukiza vimelea vingi mno, wakachukua vipande vya ini kwa siku tofauti, na wakatumia rangi maalumu inayofanya kimelea king'ae gizani kama kimulimuli. Mwaka 1980 walitangaza walichoona. Kando ya vimelea vikubwa vinavyokua kulikuwa na vidogo sana, vya duara, kimoja kimoja ndani ya chembe ya ini. Siku zilipita na wakubwa wakapasuka na kuondoka. Wadogo walibaki vile vile. Havikukua wala havikufa. Vililala.

Mwaka 1982 kundi hilo likaonyesha vimelea vya namna hiyo vya vivax katika ini la sokwe. Wanasayansi huviita hypnozoite, jina la Kigiriki lenye maana ya mnyama aliyelala. Kuhusu ovale, tabia yake ya kurudi ndiyo inayowafanya madaktari kumtibu kama mwenye vimelea vya kulala.

Mfano ni huu. Ukipanda mahindi mvua ikinyesha, mengi huota wiki hiyo hiyo. Lakini punje nyingine zinakaa ardhini na kuota msimu unaofuata. Ukipalilia shamba leo, umeondoa yaliyoota tu. Dawa zetu za kawaida za malaria ni jembe la kupalilia. Zinasafisha damu vizuri, lakini hazigusi punje iliyolala kwenye ini.

DAWA YA INI, NA HATARI YAKE

Dawa inayofika kwa waliolala inaitwa primakwini. Ilipatikana Marekani katika miaka ya 1940, na ikaanza kutumiwa kwa wingi kwa askari waliotoka vita vya Korea mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kemikali nyingi za ukoo huo zilijaribiwa kwa kima wa rhesus kabla ya kufika kwa binadamu. Nyingine zilijaribiwa kwa wafungwa wa gereza la Stateville katika jimbo la Illinois.

Primakwini si dawa ya kununua dukani kama Panadol. Watu wengine huzaliwa na upungufu wa kitu kinachoitwa G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Jambo hilo lilijulikana mwaka 1956 kutokana na uchunguzi wa primakwini yenyewe. Mtu mwenye upungufu huo akiimeza, chembe za damu zinaweza kupasuka. Anakuwa manjano machoni, anaishiwa nguvu, na mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Upungufu huu huonekana zaidi kwa wavulana, na hupitia kwa mama, ambaye mwenyewe anaweza kuwa hana dalili yoyote. Ndiyo maana kuna kipimo cha damu kabla ya dawa.

Mama mjamzito hapewi primakwini, kwa sababu hatuwezi kujua hali ya damu ya mtoto aliye tumboni. Mtoto wa chini ya miezi 6 pia hapewi. Mama mjamzito mwenye malaria inayorudi hutibiwa ile ya kwenye damu, na ile ya kwenye ini husubiri baada ya kujifungua, kwa ushauri wa daktari.

Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa nyingine ya ukoo huo, tafenokwini, inayomezwa mara moja tu. Nayo pia ilipitia kwa kima wa rhesus wenye cynomolgi, na nayo pia inahitaji kipimo cha G6PD kwanza.

NYANI WA KAREN

Labda unajiuliza kama kazi hii yote hufanywa ng'ambo tu. Hapana. Mwaka 1960 Dakta Louis Leakey, yule mchimbaji wa mifupa ya kale, alianzisha kituo cha kuchunguza nyani na kima huko Tigoni, Limuru. Baadaye kituo kilihamia Karen, Nairobi, karibu na msitu wa Oloolua, chini ya Makavazi ya Kitaifa.

Mwaka 2003 watafiti wa kituo hicho, pamoja na wenzao wa nje, walitangaza kwamba nyani wetu wa kawaida, huyu tunayemwita moset, akiambukizwa knowlesi anaweza kuugua malaria kali inayofika kwenye ubongo, kama inavyowapata watoto wetu. Mwaka 2010 walieleza jinsi vimelea hivyo vinavyojikusanya kwenye kondo la nyuma la nyani mwenye mimba. Knowlesi si ya kulala kwenye ini, kwa hiyo uchunguzi huo haukuhusu malaria inayorudi. Lakini ulihusu jambo ambalo ni gumu sana kulichunguza kwa mwanamke: malaria inafanya nini tumboni kabla mtoto hajazaliwa. Hakuna mama ambaye tungemwomba atuonyeshe kondo lake kabla ya wakati wake.

BEI ILIYOLIPWA

Ni haki tuseme ukweli. Wanyama hao walikufa ili tujue. Na wafungwa wale wa Illinois, ingawa walitia sahihi, tujiulize mtu aliyefungwa ana uhuru gani wa kusema hapana. Siku hizi sheria zimekazwa. Utafiti wa mtu au wa mnyama lazima upitie kamati ya maadili, na watafiti wanatafuta njia za kutumia wanyama wachache zaidi. Katika miaka ya karibuni wamefaulu kukuza chembe za ini ndani ya vyombo vya maabara na kuona vimelea vikilala humo, bila kumgusa mnyama mzima kila mara.

Kima hakutoa ruhusa, na wala hapati faida. Sisi ndio tuliopata. Basi angalau tusiutupe ujuzi huo uliopatikana kwa bei hiyo. Mama anayeacha dozi katikati kwa sababu mtoto ameanza kucheza anautupa ujuzi huo.

UFANYE NINI NYUMBANI

Kwanza, homa ni dalili, haina jina mpaka ipimwe. Nimonia, homa ya matumbo na maambukizi ya mkojo pia huleta homa. Mpeleke mtoto apimwe ndani ya saa 24.

Pili, kama ni malaria, maliza dozi. Dawa ya kawaida ya Kenya, ile ya mseto iitwayo AL, ni dozi 6 kwa siku 3. Ya pili hupewa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Mpe pamoja na chakula au maziwa; hata mursik inafaa, kwa sababu mafuta husaidia dawa kuingia mwilini. Akitapika ndani ya nusu saa, mrudishie dozi hiyo, na uende kliniki kuongezewa ili isipungue.

Tatu, homa ikirudi, usirudie dawa ya zamani iliyobaki kabatini wala usikope ya jirani. Rudi kliniki na kijitabu cha mama na mtoto. Sema tarehe alipougua mara ya mwisho, dawa aliyopewa na kama aliimaliza. Sema pia kama mmesafiri, iwe Kisumu kwa shangazi au nje ya nchi. Maneno hayo machache humsaidia daktari kujua ni mlango upi kati ya ile mitatu.

Nne, vile vipimo vya haraka vya tone la damu hutafuta hasa falciparum, na vingi haviwezi kumwona ovale vizuri. Kama kipimo kinasema hakuna malaria na homa inaendelea kuja na kuondoka, omba damu itazamwe kwa hadubini. Una haki ya kuomba, na si kumkosea daktari heshima.

Tano, neti. Kimelea kisichoingia hakiwezi kulala. Mtoto na mama mjamzito walale ndani ya neti yenye dawa kila usiku, hata usiku wa baridi, hata kama husikii mbu akilia. Chanjo ya malaria ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2019 katika kaunti za karibu na ziwa hulenga falciparum katika hatua ile ile ya kabla ya damu, lakini haizuii ovale, na haichukui nafasi ya neti.

Na mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, au akilegea asiamke vizuri, usingoje asubuhi wala usingoje baba arudi. Mbebe umpeleke hospitali usiku huo huo. Huyo hana malaria ya kulala. Anayo ile inayoua.

YA KUKUMBUKA

Malaria huanza kwenye ini kabla ya kuingia kwenye damu. Ovale na vivax zinaweza kurudi bila mbu mpya. Falciparum hairudi namna hiyo, lakini ndiyo inayoua. Dawa ya kutibu ini ipo, nayo hutolewa na daktari baada ya kipimo, na si kwa mama mjamzito. Homa inayorudi ipimwe upya kila mara.

Mwulize jirani yako mliyechuma naye chai leo: je, anajua kwa nini malaria nyingine hurudi? Kama hajui, mweleze habari ya vimelea vinavyolala. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya upungufu wa damu kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mpaka wakati huo, angalieni neti kama ina tundu, mshone leo. Kwaherini.